Ni Wetu, Si Wetu

Jina la Mgambo lilitolewa na Respicius wa dirisha la dawa, mtu wa Bukoba ambaye kwa miaka yote aliyokaa Same hakuwahi kukiacha kitu kiitwe kwa jina kilichokuja nalo. Siku Hezroni, kijana wa mitambo, alipokuja kutoka Moshi kuwaeleza wafanyakazi wa hospitali kwamba kompyuta zao sasa zina mlinzi, na kwamba mlinzi huyo si mtu bali ni akili mnemba, inayosoma mwenendo wa kila mmoja wao hadi imtambue mgeni kabla hajaharibu kitu, Respicius alinyoosha mkono akauliza kama mlinzi huyo atapewa sare na filimbi. Watu wakaangua kicheko. Ilipofika saa ya chai mlinzi alikuwa ameshaitwa Mgambo, na jina likashika.

Ziada Muhidin hakucheka. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kumwangalia huyo Mgambo, maana ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta pale hospitalini tangu kompyuta ya kwanza ilipoletwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Aliomba kwa upole waite kitu kingine, waite Mlinzi, waite hata Simba. Hakuna aliyemsikiliza. Watu wakishalipenda jina huwanyang'anyi, na wenzake hawakujua kwamba kwa Ziada neno mgambo lina harufu ya sukari iliyomwagika.

Alizaliwa Kighare, kule juu Ugweno, ambako baba yake Muhidin alikuwa na kiduka cha mbao. Miaka ile ya shida, ambayo waliokuwapo hawahitaji kuelezwa na wasiokuwapo hawaamini, duka lilikuwa na rafu tele na bidhaa mbili: viberiti na chumvi. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Sukari iligawiwa kwa kaya, ikaja kidogo kidogo, na mwenye nayo aliificha hata kwa mgeni aliyempenda.

Mwaka mmoja ndiva ya kijiji ilijaa tope. Ndiva ni bwawa la udongo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana, na likijaa tope migomba yote ya chini inanyauka. Pembe ikapigwa, msaragambo ukatangazwa. Msaragambo, kwa asiye wa milima ile, ni kazi ya wote: kila nyumba inatoa mtu na jembe, na hakuna anayeuliza shamba la nani litafaidi kwanza. Watu wa kufukua tope wanahitaji uji, na uji wa kazi ngumu unahitaji sukari, kwa hiyo kila nyumba ikajinyima, ikatoa kikombe chake, na vikombe vyote vikamiminwa kwenye debe moja kwa Muhidin, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na debe lenye mfuniko ambao panya hawauwezi.

Kabla siku ya kazi haijafika, walikuja mgambo pamoja na maofisa kutoka chini, wakitafuta walanguzi na wahujumu uchumi. Waliingia kila nyumba, wakachungulia hadi mvunguni mwa vitanda. Kwa Muhidin walikuta debe zima la sukari, katika nchi ambayo mtu alitembea kutwa kutafuta kijiko.

"Ni ya watu," Muhidin alisema.

"Watu gani?"

Watu walikuwa wamesimama uani, karibu kijiji kizima. Ofisa akawageukia, akawauliza kama sukari ile ni yao. Ziada alikuwa msichana mdogo, amesimama kando ya ghala la mahindi na mwiko mkononi, na aliwaona majirani wakitazamana, mmoja mmoja, wale wale waliokuja na vikombe vyao vimefunikwa kwa kanga. Kisha mmoja akasema, na wengine wakamfuata.

"Si yetu."

Debe lilipigwa teke likamwagika njiani, na watoto wakakatazwa kuokota. Muhidin akashushwa hadi polisi Mwanga, akakaa ndani kwa muda ambao mama yake Ziada hakuwahi kuutaja kwa hesabu. Alirudi amepinda mgongo. Majirani walikuja kumpa pole, wakaleta uji, naye aliwakaribisha, akawapa viti, akaupokea uji wao akaunywa. Lakini tangu siku hiyo hakuhifadhi tena kitu cha mtu, hata jembe la kuachwa hadi jioni. Pembe ya msaragambo ilipolia, alifunga mlango wake akalipa faini.

Ikaja miaka ya ruksa. Sukari ikapangwa barabarani kwa magunia, sabuni ikaning'inizwa kwa kamba milangoni mwa maduka, na wale waliokuwa wakiitwa walanguzi wakaanza kuitwa wafanyabiashara na kualikwa mikutanoni kukaa mbele. Ziada aliwahi kumwona baba yake amesimama mbele ya duka la jumla pale Usangi, akiyatazama magunia ya sukari kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akauliza bei, akashukuru, akaondoka bila kununua. Ziada alitaka kulia, na hakujua amlilie nani.

Yeye mwenyewe alijifunza kupiga chapa Same mjini, na hospitali zilipoanza kujiendesha na kuhitaji watu wa kutoa stakabadhi, akapata kazi. Kutoka mashine ya chapa akahamia kompyuta, na kompyuta moja ikawa ishirini. Mwisho wa yote akapewa Mgambo.

Tumpe Mgambo haki yake, alifanya kazi nzuri. Alijua kwamba nesi Ikupa wa wodi ya wazazi huchapa kwa vidole viwili na kujikwaa mara kwa mara kwenye herufi moja. Alijua Respicius hufungua orodha ya dawa kabla hajavua koti. Mtu akija kwa jina la Ikupa lakini anachapa kama mvua, au anafungua mafaili ya wagonjwa ambao Ikupa hana habari nao, Mgambo humfungia papo hapo, kisha humuuliza Ziada kwenye kioo chake. Hezroni alikuwa amemwomba Ziada achague maneno mepesi ya Kiswahili kwa vitufe viwili vya kujibia, ili hata siku Ziada akiwa likizo mtu mwingine asibabaike. Ziada akayachagua bila kufikiri sana. Kimoja kiliandikwa "Ni wetu". Cha pili, "Si wetu".

Na kila alichojibu, Mgambo alijifunza. Mara kadhaa mtu wa mbali, Mungu ajuaye wa nchi gani, alijaribu kuingia akijifanya mhasibu, na Mgambo akamdaka. Ziada alibonyeza "Si wetu" kwa raha zake, akaenda kunywa chai.

Tabu ilianza mwisho wa mwezi wa kwanza wa Mgambo.

Leticia wa masjala, binti wa Usangi, mama wa mapacha na mwepesi wa kucheka, ndiye aliyekuwa na kazi ya kutuma madai ya bima. Ruhusa ya kutuma ilitolewa kwa jina lake tu, na kuomba ruhusa ya jina jingine ilikuwa safari ndefu ya barua na mihuri. Madai yakichelewa, rafu za dawa zinabaki tupu. Mtu mmoja hawezi kuyamaliza hata akikesha wiki. Basi tangu zamani kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: mwezi ukielekea ukingoni, Respicius hukunja ngumi, akaipuliza kama pembe katikati ya korido, na wenye nafasi huketi kwenye kompyuta iliyo karibu, wakaingia kwa jina na nywila ya Leticia, wakamsaidia. Wenyewe waliuita msaragambo kwa Leticia. Hata Respicius wa Bukoba na Ikupa wa Mbeya walilitamka neno hilo kama waliozaliwa nalo.

Mgambo alipoona Leticia mmoja yuko kwenye mashine tano, anachapa kwa mikono ya namna tano, alifunga kila kitu. Korido nzima ikalalamika. Kwenye kioo cha Ziada swali likatokea: mtu huyu ni wetu?

Hapo ndipo Ziada alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Mgambo aletwe. Akabonyeza "Ni wetu". Mwezi uliofuata Mgambo alifunga tena, naye akafungua tena. Baadaye Mgambo akaacha kufunga, akawa anauliza tu, kwa adabu, kama mlinzi wa getini aliyezoea sura za watu. Hezroni alipoona hayo kutoka Moshi alipiga simu.

"Shikamoo mama. Samahani, naona unamfundisha vibaya. Kila mtu atumie jina lake."

"Marahaba. Mwanangu, hawa ni watu wanasaidiana kazi."

"Naelewa, mama. Lakini yeye hajui kusaidiana. Anajua kawaida na si kawaida."

"Basi ajue hii ndiyo kawaida yetu," Ziada akamjibu, na akakata simu akiwa ameridhika. Kila alipobonyeza "Ni wetu" alijiona amerudi pale kando ya ghala la mahindi, ila safari hii ofisa anamuuliza yeye, na yeye anajibu inavyopasa. Hilo hakumwambia mtu. Lilikuwa tamu, akalitunza.

Kisha wakaja wezi wenyewe.

Ujumbe uliingia kwenye simu za wafanyakazi, umeandikwa Kiswahili cha ofisini, kwamba ulinzi mpya umefunga akaunti na kila mtu aandike jina na nywila anayotumia ili afunguliwe. Watu waliokwisha kufungiwa na Mgambo mara kwa mara wangeutiliaje shaka? Wakaandika. Na kwa kuwa mwezi ulikuwa ukingoni na jina walilokuwa wakilitumia wiki ile lilikuwa la Leticia, wengine wakaandika la Leticia. Nani hasa, hadi leo haijulikani. Naamini hata wenyewe hawana hakika, na hiyo ndiyo iliyowafunga midomo baadaye.

Ijumaa asubuhi Respicius alipuliza ngumi yake. Ziada alisikia viti vikiburutwa na Ikupa akimtania Leticia kwamba safari hii anadai soda. Muda si mrefu swali likatokea kwenye kioo: Leticia yuko kwenye mashine sita. Ya sita ni ngeni. Inafungua mafaili mengi kuliko kawaida. Ni wetu?

Ziada alisita. Masjala haikuwa mbali, angeweza kuinuka, akachungulia, akahesabu vichwa. Lakini wakati ule ule mtu wa maabara alikuwa mlangoni akimlilia kuhusu mashine ya kuchapisha majibu iliyokwama karatasi, na kicheko kilikuwa kikija kutoka korido, kicheko cha watu wake. Akajiambia Ikupa amekuja na kompyuta yake ya mkononi. Akabonyeza "Ni wetu", akaenda kuchomoa karatasi.

Baada ya chakula cha mchana vioo vyote vilikuwa vyeusi. Juu ya weusi kulikuwa na maneno ya Kiingereza, na chini yake Kiswahili kibovu, yakisema mafaili yamefungwa na mwenye kuyataka alipe.

Hospitali ikarudi kwenye makaratasi. Wagonjwa walioshuka kutoka milimani na waliokuja na mabasi ya barabara kuu wakajaa kwenye mabenchi wakiulizwa upya mambo waliyokwisha kuyaeleza miaka mingi. Miongoni mwao alikuwa mzee Athumani wa kijiji cha Bendera, aliyezeeka kwenye mashamba ya mkonge, homa imempanda hadi hasemi vizuri. Faili lake lilisema mwili wake haupatani na penisilini. Faili lilikuwa limefungwa. Akachomwa sindano ya penisilini, akaanza kuvimba uso na kukosa pumzi, na kama si Ikupa kupiga kelele na kukimbia na dawa mkononi, mzee angeondoka. Hakuondoka. Lakini alikaa kitandani akitetemeka, na mkewe akauliza swali moja tu, kwamba si nyie mlisema mmeandika?

Mambo yale hayakuweza kuishia kimya. Mganga mkuu, daktari Eliufoo, mtu mpole ambaye upole wake ulikuwa umekwisha wiki ile, aliita mkutano. Leticia alikalishwa kiti cha peke yake, mbele. Macho yalikuwa yamemvimba. Daktari akasema kumbukumbu za mashine zinaonyesha mwizi aliingia kwa jina la Leticia na nywila ya Leticia, na kwamba kesho polisi watakuja, na mtu watakayekabidhiwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Kama Leticia alimuuzia mtu nywila, aseme sasa.

"Daktari, naapa sikumuuzia mtu," Leticia alisema. "Watu wengi wanaijua. Wananisaidia."

"Watu gani?"

Ziada aliinua kichwa.

"Haya," daktari akasema, "tuulizane. Nani mwingine aliyetumia jina la Leticia?"

Daktari akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Mhasibu akasema yeye hapana. Mtu wa maabara, hapana. Ikupa alifungua mdomo, akamtazama Leticia, akaufunga, kisha akatikisa kichwa. Respicius, ambaye hakosi neno hata msibani, aliangalia viatu vyake akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mtu wa dawa tu. Ziada hakuwachukia. Alijua kila mmoja wao anaogopa kwamba ndiye aliyejibu ule ujumbe. Kumbe hata kule Kighare kila mmoja alikuwa akikiogopa kikombe chake mwenyewe. Hakuwahi kulifikiri hivyo, na kulifikiri hakukumfariji hata kidogo.

Zamu ikamfikia. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Angeweza kusema kwamba mashine imemtaja Leticia, na angekuwa amesema kweli, na hakuna ambaye angemlaumu. Akajikaza kisabuni, akasimama.

"Ni yetu," alisema.

"Nini?" daktari akauliza.

"Nywila. Ni yetu. Mimi nimeitumia, mwezi huu na miezi ya nyuma. Na Ijumaa ile Mgambo aliniuliza kama yule mtu wa sita ni wetu. Aliuliza vizuri tu. Mimi ndiye niliyejibu kwamba ni wetu. Huyu binti mtamfunga kwa kosa langu."

Alibaki amesimama, akingoja. Alingoja kiti kimoja kisogee nyuma yake, mtu mmoja akohoe aseme na mimi. Feni ilizunguka. Leticia alikuwa analia bila sauti. Hakuna kiti kilichosogea, na Ziada akaketi.

Leticia hakukabidhiwa kwa mtu. Polisi walipokuja waliandika maelezo, wakasema wizi huo unafuatiliwa mbali, wakaondoka. Leticia alipewa onyo la maandishi. Ziada alipewa la kwake, na akaondolewa kwenye kiti cha kumjibu Mgambo. Tangu hapo majibu yangetoka kwa Hezroni, Moshi, ambaye hamjui mtu na kwa hiyo hawezi kumwonea mtu huruma. Respicius alikuja ofisini kwa Ziada siku ya pili, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akasimama mlangoni kama mwenye kufiwa.

"Dada Ziada. Nimekuletea chai."

Ziada alimtazama. Maneno yalimpanda hadi kooni, makali, ya kumtosha yeye na ukoo wake wote wa Bukoba. Kisha akavuta kiti.

"Karibu ukae," akasema, akaipokea chai akainywa.

Kabla ya kukabidhi, palibaki kazi moja. Mafaili yalikuwa yamerudishwa kutoka nakala ya akiba, mitambo imesafishwa, lakini Mgambo bado alikuwa na kichwa kile kile alichofundishwa na Ziada. Hezroni akaja mwenyewe, akakaa kando yake, akamfungulia misaragambo yote iliyopita, mwezi kwa mwezi, mkono kwa mkono. Yote ilibidi igeuzwe.

"Ni lazima, mama," alisema. "Akiendelea kuamini hii ni kawaida, mwizi atapita hapo hapo tena. Mzee yule wa Bendera angekufa."

"Najua."

Alijua, na hakuwa na hoja. Laiti angekuwa nayo. Akaanza kubonyeza. Mkono unaochapa kwa vidole viwili na kujikwaa kwenye herufi moja, ulioacha wodi ya wazazi saa ya mapumziko ili mwenzake awahi kwa watoto wake: si wetu. Mkono uliofungua madai ya dawa moja kwa moja bila kutafuta, na kila baada ya muda ukasimama, bila shaka mwenyewe akisimulia kichekesho: si wetu. Akafika kwenye mkono uliochapa taratibu, bila kosa, kwa namna ya mtu aliyejifunza kwenye mashine ya chapa. Aliutazama huo kwa muda.

"Huyu nani?" Hezroni akauliza.

"Si wetu," Ziada akasema, akabonyeza.

Mwezi ukageuka. Hakuna aliyepuliza ngumi. Jioni, watu wakielekea nyumbani, kila aliyepita mlango wa masjala alipunguza mwendo, akasema pole na kazi Leticia, na Leticia akajibu ahsante bila kuinua kichwa kutoka kwenye rundo lake la karatasi. Wakati wote huo Ziada alikuwa amesimama koridoni na mkoba wake begani. Ikupa alipita. Respicius alipita. Hatimaye Ziada akaingia, akaweka mkoba chini, akavuta kiti.

"Dada Ziada, usiguse mashine," Leticia alisema kwa hofu. "Wamekataza."

"Sigusi. Nipe karatasi. Mimi nakusomea, wewe unachapa."

Leticia akamtazama, akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika pale ofisini tangu mambo yale yatokee. Ziada akavaa miwani. Akasoma jina, namba, ugonjwa, dawa. Jina, namba, ugonjwa, dawa. Leticia hakuhitaji tena kuinama kwenye karatasi na kuinuka, vidole vyake vikaenda vyenyewe, na rundo likaanza kupungua wakiliona kwa macho. Ziada alijisikia vizuri. Alikuwa amepata njia, tena ya halali, ambayo hakuna ofisa angeikuta imefichwa chini ya mfuniko.

Kioo kikaganda. Kisha yakatokea maneno: akaunti imefungwa kwa usalama, subiri uhakiki.

"Nimefanya nini?" Leticia akanong'ona, mikono ameiinua juu ya meza kama aliyeshikiwa silaha.

Ziada akapiga simu Moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hezroni, fungua. Ni Leticia."

"Mama, naiona hapa. Anachapa haraka mara mbili ya kawaida yake. Mgambo anasema mkono huo si wa Leticia."

"Mkono ni wake. Macho ndiyo yangu."

Hezroni alikuwa kijana mwema, na Ziada alimsikia akihema upande wa pili, akitafuta la kufanya.

"Mama, hapa nina vitufe viwili tu," alisema. "Na simwoni mtu. Naona mashine. Nikikosea safari hii…"

Hakumalizia. Ziada naye hakumsaidia kumalizia, kwa kuwa mbele ya macho yake alimwona mzee Athumani amevimba uso, na mkewe akiuliza swali lake. Angekuwa yeye kwenye kiti kile cha Moshi, na amekwisha kuungua mara moja, angebonyeza nini?

"Bonyeza unachokiona," alimwambia, na sauti yake haikuwa na hasira.

Maneno mapya yakatokea kwenye kioo. Yalikuwa mafupi, ya Kiswahili chepesi ambacho kila mtu anaelewa, na Leticia akayasoma kwa sauti kabla Ziada hajamzuia.

"Si wetu."

Leticia alianza kulia. Ziada akavua miwani, akaikunja, akaweka mkono wake begani kwa yule binti. Akaunti ingefunguliwa asubuhi, ofisi ikifunguliwa, Leticia akija na kitambulisho chake kuthibitisha kwamba ni yeye. Madai yaliyobaki yangekuwa yamechelewa. Wakakaa hivyo, karatasi mapajani, wakingoja mtu wa zamu aje afunge mlango.